"Mum" kwenye Kichwa cha Habari: Ni Mama au Ni Kimya?

Swali limetoka kwa binti aliye katika mafunzo ya kazi kwenye stesheni ya redio hapa Mombasa. Zamu yake ni kufasiri taarifa za Kiingereza kabla ya habari za jioni. Anauliza:

"Shikamoo Mwalimu. Kuna neno la Kiingereza linanitesa: 'mum'. Nimekuta kichwa cha habari kisemacho 'Mum of two mum on missing cash', nikaduwaa. Kamusi yangu ndogo yasema ni mama. Mwenzangu asema ni kimya. Kama ni kimya, mbona hawaandiki 'silent' tukamaliza? Nami nikiandika Kiingereza changu naweza kulitumia? Na kwa Kiswahili nisemeje? Kila mara huandika 'amenyamaza kimya', na kila mara mhariri hukata."

Marahaba, mwanangu. Kamusi yako haikukosea, na mwenzako hakukosea. Hayo ni maneno mawili yenye asili mbili, yaliyokutana kwenye herufi zilezile tatu. Kichwa ulichokutana nacho kimeyatumia yote mawili: mama wa watoto wawili hajasema lolote kuhusu pesa zilizopotea. Mhariri naye ana haki ya kukata "amenyamaza kimya", lakini si kwa sababu ya kurudiarudia peke yake. Kuna kosa kubwa zaidi ndani yake, nalo ndilo nitakalokaa nalo kwa muda, kwa sababu linaweza kumtia mtu lawama asiyostahili.

Tuanze na sauti yenyewe. Funga midomo ujaribu kusema kitu. Kinachotoka ni "mmm". Waingereza wa karne ya 14 waliandika sauti hiyo "mum" au "mom", na maana yake ilikuwa ile sauti ndogo kabisa inayoweza kutoka kinywani kilichofungwa. William Langland, mshairi wa karne hiyo, aliwasuta mawakili wa zama zake kwa kusema kuwa ni rahisi kuupima ukungu wa vilima vya Malvern kuliko kupata "mom" moja kinywani mwao kabla pesa haijaonyeshwa. Hapo neno bado ni jina la sauti: hata "mmm" hawakupi. Baadaye likahama kutoka sauti ile ndogo hadi kutokuwepo kwa maneno. Kwenye tamthilia ya Shakespeare kuhusu Mfalme Henry wa Sita, sehemu ya pili, kasisi mmoja aliyemo kwenye njama anajiusia: "Seal up your lips, and give no words but mum", yaani ziba midomo, neno lako liwe "mum" tu. Kulikuwa pia na mchezo ulioitwa "mumbudget", ambao jina lake lilitumika kama neno la siri la kutambuana: mmoja husema "mum", wa pili hujibu "budget". Hiyo "budget" ilikuwa mkoba wa ngozi, kabla haijawa bajeti ya waziri wa fedha.

Ukishika picha ya midomo iliyofungwa, nusu ya kazi umeimaliza. "Mum" haielezi ukosefu wa sauti. Inaeleza mtu mwenye la kusema ambaye hajalitoa. Chumba kisicho na watu ni "silent" au "quiet", hakiwi "mum". Barabara ya saa nane usiku ni "quiet". Simu iliyozimwa mlio iko "on silent". Bahari iliyotulia ni "calm". Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachojua siri, kwa hiyo hakuna kinachoweza kuwa "mum". Taasisi inaweza, kwa kuwa ndani yake mna watu wanaojua: "the ministry is mum", "the club is mum". Hati iko mpakani. Mwanasheria akitaka kusema kwamba sheria haikugusa jambo fulani, huandika "the Act is silent on this point", na ukiweka "mum" hapo utaonekana unafanya mzaha. Kwa Kiswahili chake, "sheria haisemi kitu kuhusu jambo hili" inatosha. Usiandike "sheria imenyamaza", kana kwamba ilikuwa ikizungumza ikakatizwa.

Umeuliza kwa nini hawaandiki "silent". Sababu ya kwanza ni nafasi. Kichwa cha habari cha gazeti hupimwa kwa upana wa safu, na "mum" ina herufi tatu badala ya sita. Ndiyo sababu hiyohiyo wahariri wa Kiingereza wanapenda "probe" badala ya "investigation" na "row" badala ya "disagreement". Sababu ya pili ni ladha: "mum" ina utani kidogo, inadokeza kwamba kuna kitu kinafichwa. Mwandishi akiandika "Officials mum on tender", ameshamkonyeza msomaji. Sababu ya tatu, kwa maoni yangu, ni uvivu. Magazeti yetu ya Kiingereza hapa Kenya yamelizoea neno hili hadi limekuwa jina la kila aina ya kutojibu: aliyekimbia waandishi ni "mum", ambaye simu yake ilikuwa haina chaji ni "mum", na ambaye hakuna aliyemuuliza pia ni "mum".

Sasa sarufi, maana ukiitaka kuitumia kwenye Kiingereza chako ina masharti. Neno hili hukaa baada ya kitenzi, halikai mbele ya jina. Utasema "the coach is mum", hutasema "a mum coach". Hiyo ya pili mtu atasikia kocha ambaye ni mama wa mtu. Vitenzi vinavyolibeba ni vichache: "be", "keep", "stay", "remain". Havilingani sana. "Keep mum" ina kusudi ndani yake. Mtu ameamua kufunga mdomo. "Stay mum" na "remain mum" zinasema kwamba hali inaendelea, mara nyingi licha ya kuulizwa tena na tena. "Mum" tupu ya kwenye kichwa cha habari, isiyo na kitenzi, haikuambii lolote kuhusu kusudi, na hapo ndipo penye mtego nitakaokuja kuueleza.

Jambo linalofichwa hufuata kwa "on", "about" au "over": "mum on the date", "mum about the plan", "mum over the deal". "On" ndiyo ya magazeti, "about" ndiyo ya mazungumzo. Anayefichwa habari hana nafasi kwenye muundo huu. Huwezi kusema "he kept mum me". Ukitaka kumtaja, badilisha kitenzi: "he kept it from me". Usiseme "very mum", wala usitafute daraja la juu zaidi, kwa maana "mummer" ni kitu kingine kabisa: mchezaji wa maigizo ya kujifunika sura, ya kale huko Uingereza, ambayo hadi leo jina lake linaishi kwenye gwaride la kila tarehe 1 Januari mjini Philadelphia, Marekani, lililoanza rasmi mwaka 1901.

Kosa linalochekesha kuliko yote ni la kimilikishi. Mwanafunzi anataka kusema "alinyamaza zake", anaandika "he kept his mum". Ameandika kwamba bwana huyo alimweka mama yake. Mara tu "his", "her", "my", "a" au "the" inapotangulia, neno limeshakuwa mama. Kimya cha polisi si "the mum of the police", bali ni "the silence of the police". "Mum" ya kimya haina umbo la jina katika Kiingereza cha leo, isipokuwa ndani ya msemo mmoja ambao nitaufikia.

Kumbe basi umeshapata kipimo cha kuzitenga mbili hizi. Mama hupenda kutanguliwa na kimilikishi au namba, au kufuatwa na "of" yenye idadi ya watoto: "mum of two", "my mum", "single mum". Hukubali wingi, "mums". Kimya hakikubali hata kimoja kati ya hivyo, na karibu kila mara hufuatwa na "on", "about" au "over". Rudia kichwa chako: "Mum of two" ni mama, "mum on missing cash" ni kimya. Panapokuwa na utata ni pale "keep" inaposimama peke yake mbele ya neno. "Keep mum" ni nyamaza, "keep mum happy" ni mfurahishe mama. Kwa kuwa kichwa cha habari kinaweza kuanza kila neno kwa herufi kubwa, usitegemee herufi kubwa ikuokoe. Soma maneno mawili yanayofuata.

Angalia pia taarifa imetoka wapi. Wamarekani huandika mama "mom". Kwa hiyo ukipokea habari kutoka shirika la Marekani ukakuta "mum", karibu kila mara ni kimya, au pengine ni ua: kwao "mums" ni kifupi cha maua ya krisanthemumu yanayouzwa sana majira ya vuli. Habari za Uingereza na za hapa kwetu huandika mama "mum", kwa hiyo huko ndiko maneno haya mawili hugongana.

Mgongano huo Waingereza wenyewe waliwahi kuufanyia biashara ya serikali. Mwaka 1940, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, watu walionywa wasiropoke mambo ya jeshi mbele ya wasiowajua, na bango moja likaandikwa "Be like Dad, keep Mum". Tafsiri moja ni "fanya kama baba, funga mdomo". Ya pili ni "fanya kama baba, mlishe mama", kwa kuwa "keep" ni pia kumtunza mtu kwa chakula na nyumba. Mbunge Edith Summerskill alilipinga bungeni kwa kuwadhalilisha wanawake, kana kwamba kina mama hawajitafutii riziki. Miaka hiyohiyo likatoka jingine, "Keep mum, she's not so dumb", yaani funga mdomo, huyu si mjinga kiasi hicho, lenye mwanamke mrembo katikati ya maafisa wa kijeshi. Mabango hayo mawili ndiyo mfano mzuri wa kile ambacho mfasiri hawezi kukibeba. Kwa Kiswahili huwezi kupata neno moja la mama na kimya. Ukilazimika kuyafasiri, toa onyo na uache mchezo wa maneno, au uueleze kwa sentensi moja.

Kuna "mummy" ya Misri pia, maiti iliyokaushwa, ambayo watu huidhania ni ya ukoo wa kimya. Sivyo. Hiyo imepitia Kiarabu, "mumiya", na nyuma yake Kiajemi, ambako "mum" ni nta. "Mumble", kusema kwa kumung'unya, ndiyo ya ukoo wetu, imetokana na midomo ileile iliyofungwa. Nasi tunasema mtu anamumunya maneno, bila udugu wowote na Waingereza.

Tuje kwenye kazi yako hasa.

Kichwa cha Kiswahili kinaweza kuiga kile cha Kiingereza bila taabu. "Maafisa kimya kuhusu tarehe ya kuhamishwa kwa wachuuzi" ni Kiswahili safi cha gazetini. "Kimya" husimama pale bila kitenzi kama "mum" inavyosimama. Kitumie kwenye kichwa ukipenda. Lakini ukiingia kwenye mwili wa habari, Kiswahili kinakubana. Kila kitenzi cha kimya tulicho nacho kinasema ni kimya cha namna gani, na "mum" haikukuambia. Hapo ndipo "amenyamaza kimya" inapoharibu. "Kunyamaza" ni kuacha kutoa sauti: mtoto hunyamaza baada ya kulia, umati hunyamaza mwenye hotuba anapoinuka. Ukisema afisa amenyamaza, msikilizaji wa Kisauni anaweza kusikia kwamba alikuwa akisema akaacha, au kwamba ameulizwa akakataa kujibu. Ukiongezea "kimya" juu yake umeipa nguvu zaidi tuhuma ambayo hujui kama ni ya kweli.

Kwa hiyo kabla hujafasiri, isome taarifa nzima utafute jibu la maswali haya: aliulizwa? Alipatikana? Alisema chochote? Anajua?

Ikiwa taarifa haionyeshi kwamba aliulizwa, sema "hajasema lolote kuhusu" au "bado hajatoa taarifa". Hilo ndilo kanzu linalomfaa kila mtu, halimtuhumu. Likiwa ni jambo ambalo wadhifa wake unamtaka alitangaze, "hajatangaza" ni bora zaidi, kwa kuwa linabainisha kilichokosekana.

Ikiwa alitafutwa asipatikane, kimya si chake, ni cha simu. "Hakushika simu alipopigiwa", "hakuwa amejibu ujumbe tuliomtumia hadi tulipoingia hewani". Magazeti husema "hadi tulipokuwa tukienda mitamboni". Wewe uko redioni, huna mitambo ya kuchapa, usiiazime. Taja njia iliyotumika, simu au ujumbe au barua pepe, na ikiwezekana taja muda aliopewa. Mtu aliyepigiwa mara moja saa kumi na moja na habari ikasomwa saa moja hakukaa kimya. Hakupata nafasi.

Ikiwa aliulizwa akakataa, hapo ndipo unaposema "alikataa kuzungumzia suala hilo". Kwenye magazeti ya Kiswahili ya Kenya utakuta "alidinda kuzungumza". Bara neno hilo linapita salama. Kwa masikio ya Pwani lina maana nyingine isiyosomwa mbele ya wazee, na stesheni yako inasikika hadi Mji wa Kale. Tumia "alikataa" au "aligoma".

Ikiwa alijibu kwa kupinda, kwa mfano akasema jambo bado linachunguzwa, basi hakuwa "mum" hata kwa Kiingereza, haidhuru kichwa kimesemaje. Ripoti alichosema: "alisema uchunguzi unaendelea, hakutoa maelezo zaidi". Hili hutokea sana, na mfasiri ana wajibu wa kufuata mwili wa habari, kichwa akiache kama hakilingani nao.

Ikiwa taarifa inathibitisha kwamba anajua na ameamua kuficha, una hazina kubwa ya kuchagua, lakini kila neno lina rangi yake. "Amebana mdomo" ni la wastani. "Amepiga kimya" ni la mtaani, zuri kwenye kipindi cha mazungumzo, si kwenye taarifa rasmi. "Amefyata ulimi" lina woga ndani yake. Mbwa ndiye hufyata mkia, basi usimfyatie mtu ulimi kama huna ushahidi kwamba ametishwa. "Amelinyamazia jambo" ni zito zaidi ya yote: kile kiambishi kidogo cha mwishoni, "-ia", kinageuza kimya kuwa lawama, kwamba aliona uovu akauacha upite. Mkuu wa shule "aliyenyamazia" wizi si sawa na mkuu wa shule ambaye "hajasema lolote kuhusu" wizi. Wa kwanza umemshtaki. Na wengi wakikubaliana kuficha kwa pamoja, Waswahili husema wamefunika kombe mwanaharamu apite. Lakini huo ni uamuzi wa mchambuzi, si wa msomaji habari, na Kiingereza chake kinakaribia "hush up" kuliko "keep mum".

Na tafadhali, usimalizie kwa "kimya kingi kina mshindo mkuu". Wasomaji habari wanaipenda mno. Methali hiyo huahidi kishindo kijacho, na "mum" haikuahidi chochote.

Hebu tupime kwa mfano wa kutunga. Kiingereza: "County officials remained mum on when the traders would be moved. The chief officer did not answer calls. A clerk who asked not to be named said staff had been told to keep mum." Tafsiri ninayoipendekeza: "Maafisa wa kaunti bado hawajasema ni lini wachuuzi hao watahamishwa. Afisa mkuu hakushika simu alipopigiwa. Karani mmoja aliyeomba jina lake lisitajwe alisema wafanyakazi wameagizwa wasizungumzie jambo hilo." Ona kwamba "mum" imetokea mara mbili na kila mara imepata kitenzi chake. Ya kwanza haina ushahidi wa kukataa, kwa hiyo "bado hawajasema". Ile "remained" imebebwa na "bado". Ya pili ni amri, kwa hiyo imekuwa agizo la kutozungumza. Neno "kimya" halikuhitajika hata mara moja, na habari haikupoteza kitu. Ona pia "when": mfasiri mchanga angeandika "kuhusu wakati ambapo wachuuzi watahamishwa", maneno marefu yanayomchosha msomaji pumzi. "Ni lini" linatosha.

Msemo niliokuahidi ni "mum's the word". Huo husemwa baina ya wawili watatu wanaoaminiana, kwa sauti ya chini na mara nyingi kwa tabasamu: ni siri yetu. Kwa Kiswahili, "iwe siri yetu", "yaishie hapahapa", "usimwambie mtu". Si amri ya kuzima kelele. Mwalimu anayeingia darasani penye makelele hasemi "mum's the word", wala "keep mum". Anasema "quiet, please". Mtu akikuambia "keep mum" amekupa siri uitunze, hata kama chumba kizima kinapiga kelele na wewe mwenyewe unaongea kwa sauti juu ya jambo jingine. Unaweza kuwa msemaji kuliko watu wote pale na bado ukawa "mum" kuhusu jambo hilo moja.

Kuhusu kulitumia kwenye Kiingereza chako: kwenye kichwa, ndiyo, kwa kiasi, na mwili uonyeshe ni kimya gani. Kwenye barua pepe kwa rafiki, ndiyo. Kwenye barua ya ofisi, kumbukumbu za mkutano, hati ya kiapo, mkataba au ripoti ya utafiti, hapana. Huko andika "did not comment", "declined to comment" au "did not respond", na uzitofautishe kama nilivyokutofautishia za Kiswahili: "declined" ni aliulizwa akakataa kwa adabu, "did not respond" ni alitafutwa asijibu. "Refused to comment" ina ukali. Itunze kwa siku anayoulizwa na kufunga mlango.

Mahakamani "mum" haina nafasi kabisa. Ukipelekwa kuripoti kesi, neno ni "silent". Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza na inataka aelezwe haki hiyo mara moja, kwa lugha anayoifahamu, pamoja na matokeo ya kutonyamaza. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya kunyamaza na kutotoa ushahidi kesi inapoendelea. Hapa "kunyamaza" ni sahihi, kwa kuwa ni kitendo cha hiari kinacholindwa na sheria. Kwa hiyo "mshtakiwa alichagua kunyamaza" ni ripoti ya haki. "Mshtakiwa alikaa kimya aliposhindwa kujibu" ni hukumu uliyoitoa wewe.

"Mute" ni jirani anayekaribiana naye mno. Kwenye simu na mikutano ya mtandaoni ni kuzima sauti, na "unmute" ni kuiwasha. Usiandike "nyamazisha simu". Katika sheria ya kale ya Uingereza, mshtakiwa aliyekataa kujibu mashtaka aliitwa "mute of malice", na aliweza kukandamizwa kwa mawe mpaka ajibu au afe. Mwaka 1772 kimya chake kikaanza kuhesabiwa kuwa kukiri, na mwaka 1827 kikageuzwa kuwa kukana. Huo wa mwisho ndio utaratibu wa mahakama zetu: asiyejibu huandikiwa kwamba amekana mashtaka. Kwa mtu asiyezungumza kwa maumbile, "mute" na hasa "dumb" siku hizi ni maneno ya kuumiza, wala "mum" haiingii hapo kwa namna yoyote. Mtu huyo hafichi kitu.

La mwisho ni matamshi, kwa kuwa kazi yako ni ya sauti na huenda siku moja ukalisoma kwenye jina la kipindi au kwenye nukuu. Si "mumu", wala si "mumi". Ni karibu na "mam", irabu fupi kama ya "cup", midomo ikifungwa mwanzo na kufungwa tena mwisho. Ya mama na ya kimya hutamkwa sawasawa, kwa hiyo msikilizaji hana herufi za kumsaidia. "Mum of two mum on missing cash" ikifika mezani kwako, isiende hewani kwa Kiingereza.